Msitu Ukihifadhiwa, Nani Hupata na Nani Hukosa?



Mwaka jana katika muhula wa kwanza, mvua za masika ziliponyesha kwa nguvu, maji ya bomba hapa shuleni yalitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wengi wenu mnakumbuka. Tulikuwa tumepanga foleni na ndoo zetu nyuma ya bweni, na mwenzetu mmoja, mzaliwa wa papa hapa Tanga mjini, akasema kwa sauti kubwa, "Hawa watu wa milimani wanaolima mpaka kwenye chemchemi wangeondolewa wote. Hapo ndipo tungepata maji safi." Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa na ndoo yangu mkononi, nami ni mtu wa milimani.

Nilitaka kumjibu. Nikafungua kinywa, nikaona sina jibu. Nilijua kwamba kwetu wako watu walioachishwa mashamba yao kwa ajili ya msitu, na babu yangu ni mmoja wao. Nilijua pia kwamba maji tunayooga na kunywa hapa shuleni yanatoka katika milima ile ile. Lakini kama ningeulizwa watu wale walipoteza nini hasa, na kiasi gani, na kama wako waliopata faida, ningesema maneno ya kusikia tu. Katika habari hii nitaeleza jinsi nilivyojaribu kulipima jambo hilo, na jinsi nilivyokosea mara ya kwanza. Nalieleza kosa langu waziwazi kwa kuwa wenzangu wa Kidato cha Tatu nao watapewa kazi kama hiyo likizo ijayo.

Kwanza nieleze nchi yenyewe. Milima ya Usambara ya Mashariki imo katika safu ndefu ya milima inayoanzia Taita, nchini Kenya, ikashuka mpaka Udzungwa. Misitu yake hupata mvua zitokazo Bahari ya Hindi, na ndani yake imo mimea na wanyama wasioonekana mahali pengine popote duniani. Lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hupenda kuliweka madirishani lilichukuliwa katika nchi ya Usambara na mtawala mmoja wa Kidachi, Walter von Saint Paul, katika miaka ya 1890, na kwa muda mrefu jina lake la kitaalamu lilikuwa Saintpaulia. Mwaka 1902 Wadachi walijenga chuo cha uchunguzi wa mimea pale Amani. Baadaye, mwaka 1997, Serikali yetu ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta 8,380, ambayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika nchi hii. Kutoka katika milima hiyo hutiririka mto Zigi. Mto huo umezibwa kwa bwawa pale Mabayani, na kutoka hapo maji husafishwa na kuletwa mjini Tanga. Basi kila mwanafunzi anayefungua bomba hapa anafungua mlango wa msitu, ijapokuwa hajaupata kuuona.

Sasa nieleze iliki, maana bila kuielewa iliki habari hii haieleweki. Iliki ni mmea wa jamii moja na tangawizi. Hupenda kivuli, ubaridi na udongo wenye unyevu, na kwa hiyo hustawi sana chini ya miti mikubwa ya msitu. Mkulima wa iliki haukati msitu wote. Hufyeka vichaka na miti michanga, akaiacha miti mikubwa isimame. Ukitazama kwa mbali utadhani msitu u mzima. Lakini ukiingia ndani utaona kwamba hakuna miti michanga ya kushika nafasi ya ile mikubwa, na siku mikubwa itakapoanguka msitu umekwisha. Tena udongo huchoka, na baada ya miaka kadhaa mazao hupungua, mkulima naye hutafuta kivuli kingine. Hiyo ndiyo sababu ya wataalamu wa misitu kuiogopa iliki, na sina budi kusema kwamba sababu hiyo ni ya kweli.

Hata hivyo iliki ina sifa nyingine, ambayo mtu wa mjini haijui. Ikikaushwa vizuri haiozi upesi, nayo ni nyepesi, na mfuko wake mdogo una bei. Mama anaweza kuuteremsha mfuko huo kichwani mpaka njia ya magari, mahali ambapo mkungu wa ndizi ungemvunja shingo. Mtu akiwa na iliki kavu darini, hata ugonjwa ukiingia nyumbani saa nane za usiku, anajua asubuhi atapata fedha.

Kati ya hifadhi ya Amani na misitu mingine iliyo jirani nayo palikuwa na ukanda wa msitu uitwao Derema. Ukanda huo ulikuwa mikononi mwa wanavijiji, na watu walipanda iliki ndani yake. Wataalamu wakaona kwamba ukanda ule ukikatika, ndege na wanyama hawataweza tena kupita kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, wala mbegu za miti hazitachukuliwa, na kila msitu utakuwa kama kisiwa. Basi mwaka 2001 mpaka ulipimwa na kuwekwa. Eneo lenyewe lilikuwa la hekta 960 hivi, na wakulima waliokuwa na mashamba ndani yake walizidi 1,100. Mimea yao ilihesabiwa, wakaahidiwa fidia kwa mimea hiyo. Malipo makubwa yalitoka mwaka 2008, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, yapata dola milioni mbili za Kimarekani kwa jumla. Mimi nilizaliwa mwaka ule ule wa malipo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo likizo ya mwezi wa sita ilipofika, na mwalimu wetu wa Jiografia akatupa kazi: kila mmoja achague jambo moja lililobadilisha maisha ya watu wa kwao, alipime, aandike. Nikachagua mpaka wa Derema. Nilifurahi sana, nikijua kwamba yule mwenzangu wa foleni ya maji atapata jibu lake.

Nilipofika nyumbani nilimkuta babu barazani. "Shikamoo babu." "Marahaba, mume mwenzangu. Umekuja kumchukua bibi yako?" Ndivyo anavyonitania siku zote. Nikakaa na daftari langu, nikamwuliza maswali niliyoyaandika tangu shuleni. Alinijibu vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulifikiri jambo hilo miaka mingi. Alisema kwamba shamba lake la iliki lilikuwa lote ndani ya mpaka. Alisema alilipwa. Kiasi hakukitaja, nami sikuthubutu kuuliza. Kwa fedha ile alilipa madeni, akaezeka nyumba kwa bati, akanunua eka mbili huko chini tambarare, na sehemu akamlipia baba yangu chuo cha ualimu. "Andika kwamba tulilipwa," akasema. "Wako watu katika nchi hii walioondolewa wakapata vumbi la gari tu. Usije ukaandika uongo kwa sababu wewe ni mjukuu wangu."

Nikaandika kurasa tatu. Nikahitimisha kwamba nyumba yetu ilipoteza shamba la iliki ikapata nyumba ya bati, eka mbili na mwalimu mmoja, na kwamba kwa jumla faida ilikuwa kubwa kuliko hasara. Nilidhani nitasifiwa. Mwalimu alinirudishia daftari lenye mstari mmoja wa wino mwekundu chini ya ukurasa: "Nyumba yenu ina watu wangapi? Umemwuliza mmoja."

Nakiri kwamba nilikasirika. Nilikwenda kumweleza kwamba babu ndiye mwenye nyumba, na shamba lilikuwa kwa jina lake. Mwalimu hakubishana nami. Alifungua kabati akanitolea kijitabu cha chuo kimoja cha uchunguzi cha London, kiitwacho IIED, kinachoeleza utaratibu wa kupima mambo haya, unaojulikana kwa jina la SAPA. Nilikisoma kwa shida, kwa maana Kiingereza chake ni cha wataalamu, lakini nilipata maana yake. Kwanza watu hukusanywa kwa makundi mbalimbali, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakaulizwa hifadhi imewaletea mema gani na mabaya gani. Wataalamu hawaji na orodha iliyokwisha andikwa mjini; orodha hutoka kwa wanakijiji wenyewe. Ndipo maswali mafupi hutungwa kutokana na orodha ile, yakapelekwa katika nyumba nyingi, ili ijulikane kila jambo limewagusa wangapi. Mwisho matokeo hurudishwa kwa wale wale walioulizwa, wakayajadili na kusema nini kifanywe. Mimi nilikuwa nimetunga orodha bwenini, nikamwuliza mtu mmoja, na matokeo nikayapeleka kwa mwalimu ili anipe alama. Kila hatua niliikosea.

Likizo ya Desemba nikaenda kwa bibi. Alikuwa uani akichambua maharage. Nikakaa tukachambua pamoja, na daftari nililiacha ndani. Nilipomwambia ninalolitaka alicheka. "Mume wangu," akasema, "ulipokuja mwezi wa sita nilikuwa jikoni, hatua kumi tu. Ulipita ukanywa maji ya mtungi ukarudi kwa babu yako. Nikajua ni mambo ya wanaume." Kwa kweli sikuwa na la kusema.

Bibi alinieleza hivi. Shamba lilikuwa la babu, na babu ndiye aliyelifungua. Lakini iliki haivunwi siku moja. Kokwa zake hazikomai pamoja, kwa hiyo mchumaji hurudi katika shina lile lile mara nyingi, akiinama kutazama chini, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto. Yeye ndiye aliyechuma, ndiye aliyekausha. Tena mistari iliyokuwa karibu na kijito ilikuwa yake mwenyewe. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu nyumbani alijua. Iliki ya kijitoni ndiyo iliyonunua chumvi, mafuta ya taa, sare za watoto, na mchango wa msibani. Wapimaji walipokuja kuhesabu, mashina yote yaliandikwa jina moja. Hakuna aliyedanganya, bali jina lililoulizwa lilikuwa la mwenye shamba.

"Babu yako hakunidhulumu," akasema. "Bati hii inanifunika na mimi. Lakini fedha ya fidia ilikuja mara moja ikaisha. Iliki ya kijitoni ilikuwa inarudi."

Nikamwuliza tangu hapo anapata wapi fedha ya chumvi. Akasema, "Naomba." Neno hilo silisahau. Mtu ambaye zamani hakuomba, sasa akitaka kununua sabuni humwambia mumewe au humpigia simu mwanawe. Katika kurasa zangu tatu za kwanza, jambo hilo halikuwamo wala lisingeweza kuwamo, kwa kuwa babu halijui. Si kwamba alinificha. Kwake yeye fedha ya nyumbani haikupungua.

Baada ya hapo nilianza kuwatafuta watu wengine ambao kalamu yangu iliwaruka. Nikamkuta mama mmoja jirani ambaye hakuwa na shina hata moja la iliki. Yeye alikuwa akichuma mashambani mwa wengine kwa ujira, msimu kwa msimu. Mashamba yalipofungwa ujira ulikwisha, na kwa kuwa fidia ilitolewa kwa mimea, asiye na mmea hakuwa na cha kuhesabiwa. Nikamwuliza baba mdogo, ambaye mwaka 2008 alikuwa darasa la saba. Alitarajia kupewa kipande cha shamba lile akikua. Leo anaendesha bodaboda Muheza. Aliniambia, "Mimi sikupoteza kitu, sikuwa na kitu." Halafu akanyamaza kidogo akasema, "Ila ningekuwa nacho." Wenye kupima wanapaswa kuamua kama "ningekuwa nacho" ni hasara au si hasara. Mimi naona ni hasara, lakini sijui ningeiandika kwa shilingi ngapi.

Hapa napenda kuwaonya wenzangu juu ya jambo ambalo nusura linipoteze upande wa pili. Baada ya kumsikiliza bibi, niliona kila shida ya kijiji imeletwa na mpaka wa msitu. Nikaanza kuandika hivyo. Ndipo mwalimu akaniuliza: nyumba ambazo mashamba yake hayakuguswa na mpaka, hali yao ikoje? Sikuwa nimeuliza. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hata iliki iliyokuwa nje ya mpaka ilizeeka ikapunguza mazao, na bei yake imepanda na kushuka mara nyingi katika miaka hiyo. Mwenye shamba mmoja ameing'oa akapanda karafuu na pilipili manta. Basi si haki kusema kwamba bila mpaka bibi angekuwa anachuma mfuko ule ule mpaka leo. Hasara ya mpaka ni ile tofauti kati ya hali yake ya sasa na hali ambayo angekuwa nayo, wala si tofauti kati ya sasa na mwaka ule bora anaoukumbuka. Kuipata tofauti hiyo ni kazi ngumu, hasa mahali ambapo hakuna aliyeandika hali ya watu kabla ya mpaka kuwekwa. Kama mradi wowote utaanzishwa karibu na kwenu, andikeni mapema.

Nilipoirudisha kazi darasani tukaijadili, na mwanafunzi mwenzetu wa jamii ya wafugaji, anayetoka upande wa Mkomazi, alisema kwamba vipimo vyangu vyote havifai kwao. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Wafugaji waliokuwa wakilisha ndani yake waliondolewa mwaka 1988, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. "Huwezi kuhesabu mashina," akasema. "Sisi hatukupanda kitu. Tulichopoteza ni njia." Akaeleza kwamba ng'ombe anahitaji mahali pa masika na mahali pa kiangazi, na ukimwachia mojawapo tu, mwaka wa ukame utakufilisi, hata kama miaka mingine yote unaonekana tajiri. Tena ng'ombe wakipungua, maziwa yanayouzwa na kina mama hupungua kabla ya mwenye ng'ombe hajauza hata mmoja. Kwa hiyo mpimaji akifika mwaka wa mvua nzuri ataandika kwamba watu hawakudhurika. Nilifurahi kusikia hoja hiyo, maana ni hoja ile ile ya bibi kwa sura nyingine: inategemea unamwuliza nani, na siku gani.

Kuna jambo la lugha ambalo limenivutia. Tembo akila shamba la mtu, sheria za nchi yetu haziyaiti malipo anayopewa kuwa ni fidia. Huitwa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au kufiwa hupewa kifuta machozi. Maneno hayo ni ya kweli kabisa. Kufuta jasho si kurudisha mahindi. Lakini fidia ni neno zito zaidi, lenye maana ya kukomboa, kurudisha mtu mahali alipokuwa. Anayelipwa fidia ana haki ya kuuliza kama kweli amerudishwa.

Pengine msomaji atadhani ninaandika kinyume cha hifadhi. Hapana. Orodha ya mema niliyoipata kijijini ni ndefu kuliko nilivyotazamia. Wazee walitaja kijito ambacho hakikauki tena mwezi wa pili. Vijana wawili wamepata kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Kuni zilizoanguka bado zinaokotwa kwa siku maalumu. Hata ufugaji wa vipepeo ulikuwapo. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mradi wa vipepeo wa Amani uliwafundisha wanavijiji kufuga vipepeo katika vibanda vya chandarua na kuuza mabuu yaliyojifunika kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Wengi wa wafugaji hao walikuwa wanawake, na fedha ilikuwa yao. Lakini mwaka 2016 Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nchi za nje, vipepeo navyo vikahesabiwa humo, na biashara ikasimama. Mama mmoja alinionyesha kibanda chake, chandarua kimechanika, kuku wanalala ndani. Nimejifunza hapo kwamba faida nayo ina tarehe zake kama hasara. Aliyekuja kupima mwaka 2015 angeandika habari njema tupu.

Halafu liko jambo lililonisumbua kuliko yote. Katika jedwali langu la pili nilichora safu moja kwa kila mtu: babu, bibi, baba, baba mdogo, jirani. Nilipofika kwa baba, niliandika kwamba alipata chuo, akawa mwalimu, na mshahara wake ndio unaoninunulia godoro, madaftari na nauli ya kuja hapa. Nikaongeza safu yangu. Iliki ya kijitoni ilifungwa, bibi akaanza kuomba chumvi, na mimi nikasomeshwa. Tena nikifika hapa shuleni nafungua bomba nakunywa maji ya Zigi. Mimi nimepata mara mbili, na wala sikuulizwa wala sikuhesabiwa. Mwenzangu wa foleni ya ndoo naye amepata, na wakazi wa Tanga wote, na yule bibi wa Ulaya mwenye ua lake dirishani. Faida imetawanywa kwa maelfu ya watu, kila mmoja kidogo kidogo, hata hawaioni. Hasara imewekwa katika nyumba chache, nazo zinaiona kila siku. Ukizijumlisha faida zote na hasara zote ukatoa jibu moja, jibu hilo litakuwa sahihi kwa hesabu, na bibi hatakuwamo ndani yake. Ndiyo maana sikujumlisha. Niliziacha safu zilivyo.

Mwenzangu yule nilimpa daftari alisome. Alilisoma mpaka mwisho akakaa nalo kitandani. Aliniuliza swali moja tu, "Kwa hiyo mpaka uondolewe?" Nikamwambia hapana, maana msitu ukiisha hata bibi atakosa maji. Nikamwambia ningependa anywaye maji amlipe kidogo anayetunza chemchemi, na alipwe kila mwaka, kama iliki ilivyokuwa ikirudi, na mwanamke aandikwe jina lake. Akasema hilo lingepandisha bei ya maji. Nikasema ndiyo. Hatukukubaliana, lakini tangu siku ile hajasema tena neno la kuwaondoa watu wote.

Likizo ya Pasaka mwaka huu nilikwenda nyumbani siku chache, nikamsomea bibi yote niliyoyaandika, kwa Kiswahili na mahali pengine kwa Kishambaa. Babu alikaa karibu akisikiliza. Nilipofika pale pa kuomba chumvi nilisitasita, nikasoma. Babu hakusema kitu. Alitazama bati juu.

Nilipomaliza, bibi akasema, "Umesahau miaka ya kungoja." Nikamwuliza miaka gani. Akasema, tangu mpaka ulipowekwa mpaka fedha ilipotoka. Ilikuwa miaka saba. Kupalilia unaogopa, maana huenda kesho si lako. Kuacha unaogopa, maana huenda watarudi kuhesabu wakute magugu. Kuhamia kwingine huna fedha. Msichana wa shangazi aliacha shule katika miaka ile, kwa kuwa kila muhula waliambiana fidia itatoka muhula ujao. "Hiyo," akasema bibi, "mtu wa kuhesabu mashina hawezi kuiona."

Babu akasema, "Ni kweli. Mimi pia sikukwambia hiyo."

Jedwali langu halikuwa na mahali pa kuandika kungoja. Nikachukua rula, nikachora safu nyingine pembeni mwa ukurasa, nyembamba kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha, nikaandika juu yake: 2001 hadi 2008.